Kwake Hakuna Mpaka

Simu ilitetemeka mapajani mwangu kabla sijaona chochote.

Tulikuwa tumetoka zamu ya usiku, mimi na mwenzangu wa wodini, na yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Akasema tupitie mafuta kwanza, wiki ile ng'ambo yalikuwa nafuu kidogo, kisha anirudishe nyumbani. Nikaitikia bila kufikiri. Barabara ya Culmore inatoka Derry, mji wa Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, ikiufuata mto Foyle, na asubuhi ile maji yalikuwa ya kijivu, yametulia kama bati. Nikafumba macho.

Ndipo simu ikatetemeka. Ujumbe wa kampuni ya simu: karibu Ireland, gharama zako za kupiga ni hizi.

Nilipofumbua macho, mstari wa pembeni mwa barabara ulikuwa umegeuka, mweupe umekuwa wa manjano. Kibao cha mwendo kilisoma kilomita badala ya maili. Mbele yetu kituo cha mafuta cha kijiji cha Muff, na bei zake ni za yuro.

"Tumevuka," nikasema.

"Tumevuka nini?"

"Mpaka. Mimi sina viza ya huku. Tafadhali geuza gari."

Akacheka kidogo, kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Aliingia kituoni, akazunguka pampu bila kusimama, akarudi tulikotoka. Hatukukaa Ireland hata dakika nne. Mikono yangu ilikuwa baridi mpaka tulipoupita tena ule mstari mweupe.

"Lakini hapa hakuna mpaka," akaniambia. Alisema kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeota ndoto mbaya.

Hakuwa akinidanganya. Kwake hakuna.

Maneno hayo yamekaa nami wiki saba sasa.

Swali la Mama

Nilipomsimulia Mama kwa simu jioni ile, aliguna. "Kwani hapo mko nchi gani hasa, mwanangu?"

Nikamjibu nilivyozoea kuwajibu watu wa nyumbani: Uingereza. Jibu likanikwama kooni. Kiswahili chetu kina Uingereza moja tu, na ndani yake tunatia kila kitu: London, ufalme, ligi ya mpira, na hata pembe hii ya kisiwa kingine. Huku, mtu wa mtaa wa Waterside akikwambia yeye ni Mwingereza, hana maana kwamba ametoka England. Anakutajia anakojihesabu, kama mtu anavyotaja ukoo. Na mwenzake wa ng'ambo ya mto, aliyezaliwa hospitali ileile na anayelipa kodi ileile, ni Mwairishi. Ukimwita Mwingereza umemgusa mpaka babu yake kaburini.

Mama anaujua mpaka. Kwetu ni Vanga. Mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliupatana mwaka 1886 unaanzia mlangoni mwa mto Umba, na umewaacha Wadigo pande zote mbili. Shangazi yangu ameolewa Jasini, upande wa Tanzania. Kukiwa na msiba watu wanakwenda: wengine wanapitia Lunga Lunga na kugongewa muhuri, wengine wanakata kwa njia za panya wanazozijua tangu utotoni. Lakini sijasikia hata siku moja shangazi akiulizwa yeye moyoni ni Mkenya au Mtanzania. Anaulizwa amebeba nini.

Huku hakuna anayeuliza umebeba nini. Ukiwa na pasipoti ya Uingereza au ya Ireland, unavuka unavyotaka, unaishi popote, unafanya kazi popote. Mpangilio huo wa nchi hizi mbili ni wa zamani kuliko Umoja wa Ulaya, na haukuguswa hata Uingereza ilipojitoa. Sisi tuliokuja kwa viza ya kazi hatumo. Ruhusa yangu inaishia pale mstari unapogeuka rangi. Kwa wale wanaoweza kuvuka, swali limehamia kwingine: wewe ni nani?

Nami niliishi hapa miaka mitatu nikidhani swali hilo halinihusu.

Kijitabu cha rangi ya damu ya mzee

Mwenzangu yule ni Mprotestanti wa Waterside, na huku Waprotestanti wengi hujihesabu Waingereza, Wakatoliki wengi Waairishi. Baba yake alipiga ngoma kwenye bendi za gwaride la Agosti, la kukumbuka mji ulivyozingirwa siku 105 mwaka 1689 na ukakataa kufungua milango. Alikulia mtaa ambao mawe ya kando ya barabara yamepakwa nyekundu, nyeupe na buluu, rangi za bendera ya Uingereza. Ng'ambo ya mto, mtaa wa Bogside, ukuta mmoja wa nyumba iliyobomolewa umeachwa umesimama, na maandishi yake yanakukaribisha Derry iliyo huru. Kati ya mitaa hiyo kuna daraja la waenda kwa miguu, Daraja la Amani, lililofunguliwa 2011. Mimi hulivuka na mfuko wa mboga.

Siku chache baada ya safari ile ya mafuta tulikuwa wawili tu kwenye chumba cha chai. Akaniambia jambo ambalo nadhani hakupanga kuniambia. Ana pasipoti ya Ireland. Aliiomba mwaka 2017.

Si yeye peke yake. Katika kura ya maoni ya Juni 2016, asilimia 55.8 ya wapiga kura wa Ireland ya Kaskazini walitaka kubaki Umoja wa Ulaya, na nchi nzima ikatoka hata hivyo. Wengi waliozaliwa hapa wana haki ya uraia wa Ireland, basi watu wakajaza fomu, na miongoni mwao Waprotestanti ambao wazazi wao wasingeishika ile pasipoti hata kwa koleo. Hata Ian Paisley mdogo, wakati huo mbunge wa chama kikali cha wanaotaka kubaki na Uingereza, aliwashauri wapiga kura wake waichukue ikiwa wana haki nayo.

"Baba yako anajua?" nikamuuliza.

"Hajui." Akakizungusha kikombe mezani. "Na mimi si Mwairishi. Ile ni karatasi tu, ya kupitia foleni fupi uwanja wa ndege."

Kisha akanyamaza kwa muda.

"Lakini siku ilipofika kwa posta nililia. Mpaka leo sijui nililia nini."

Nilitaka kumwambia kitu, nikakikosa. Kengele ya mgonjwa ikalia, akainuka.

Mtu wa Fermanagh

Jirani yangu wa chini ni mzee wa miaka themanini na kitu, Mkatoliki, mkulima aliyehamia mjini kufuata binti yake. Kwao ni upande wa Fermanagh, karibu na mji wa Clones ambao uko ng'ambo, wilaya ya Monaghan. Nikimpelekea chapati ananilipa kwa hadithi.

Kule kwao mpaka hauna adabu. Barabara ya kutoka Clones kwenda Cavan inauvuka mara nne ndani ya kama kilomita kumi, na namba ya barabara inabadilika kila mara ingawa lami haina habari. Kuna kipande cha Monaghan ambacho hukifikii kwa gari ila upite Fermanagh kwanza. Kisiwa kilipogawanywa mwaka 1921, waliochora walifuata mipaka ya zamani ya wilaya, ile iliyotenga mashamba na vijito bila kumdhuru mtu, wakaifanya ya dola. Watu wakaahidiwa tume itakayopitia upya mstari kwa kuzingatia matakwa ya wakazi. Mwaka 1925 ripoti yake ikafungiwa kabatini, mstari ukabaki ulivyo, na hadharani ripoti haikutoka hadi 1969.

"Baba yangu alikufa akisubiri kuulizwa," mzee aliniambia.

Wakati wa vita vya miaka kama thelathini, hadi 1998, kati ya waliotaka kuungana na Ireland na waliotaka kubaki na Uingereza, vita ambavyo huku huviita Matatizo, jeshi la Uingereza lilizifunga barabara ndogo nyingi za mpakani, baadhi kwa matofali ya zege, baadhi kwa kulipua mashimo katikati. Ya kwao ilikuwa ya shimo. Kanisa lilikuwa upande mmoja na shamba la mjomba upande wa pili, na safari ya dakika tano ikawa ya karibu saa nzima. Jumapili baada ya misa wanaume walitoka na matrekta na mawe, wakafukia. Wanajeshi wakaja wakalipua tena. Nao wakafukia tena.

Nikamuuliza nani alikuwa akifukia, Wakatoliki?

"Waliokuwa na trekta," akasema.

Hadithi anayoipenda kuliko zote ni ya Barry McGuigan, bondia wa Clones. Mzee huinuka kitini anapoisimulia, na mimi humshika mkono asianguke. McGuigan alizaliwa upande wa Jamhuri, Mkatoliki, akamwoa msichana wa Kiprotestanti wa mji uleule. Mwaka 1978 aliipa Ireland ya Kaskazini medali ya dhahabu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1980 akaenda Olimpiki ya Moscow kuiwakilisha Ireland. Kisha akachukua uraia wa Uingereza ili aweze kugombea mkanda wa Uingereza, na kuna waliomwita msaliti. Alipopanda ulingoni hakuja na bendera ya upande wowote. Alikuja na bendera ya amani, na mahali pa wimbo wa taifa baba yake mzazi alisimama katikati ya ulingo akaimba wimbo ambao kila mtu ukumbini aliujua tangu utotoni. Tarehe 8 Juni 1985, uwanja wa Loftus Road, London, alimshinda Eusebio Pedroza wa Panama na kuwa bingwa wa dunia.

"Usiku ule," mzee husema, "kijijini kwetu hakuna aliyelala, na hakuna aliyemuuliza mwenzake wewe ni wa upande gani."

"Na wewe ni nani?" nilimuuliza mara ya mwisho. "Mwairishi?"

Akaniangalia kama nimeuliza jua linachomoza wapi. "Mimi ni mtu wa Fermanagh."

Nilipotaka kuishia

Nakiri kwamba makala hii niliianza nikitaka kuishia hapo kwa mzee. Ilikuwa tamu. Mpaka ni mstari wa rangi barabarani, watu ni majirani, pasipoti ni karatasi, trekta ni trekta. Takwimu pia zilikuwa zikinisukuma huko: sensa ya 2021 iliwapa watu nafasi ya kutaja wenyewe wanajiitaje, na asilimia 31.9 walisema Waingereza tu, 29.1 Waairishi tu, na 19.8 wakasema wao ni watu wa Ireland ya Kaskazini tu, basi. Waliobaki walichanganya majina au walitoka kwingine kama mimi. Nikasema, tazama, hakuna hata kundi moja linalofika nusu. Hapa hakuna mwenye nyumba, kila mtu mgeni wa mwenzake.

Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo. Kesho yake nikapanda basi la kwenda magharibi mwa mji, nikapita Coshquin.

Hapo barabara inaendelea hadi Bridgend, wilaya ya Donegal, na hapo palikuwa na kituo cha ukaguzi cha jeshi. Usiku wa tarehe 24 Oktoba 1990, watu wa IRA, kundi la silaha lililotaka kuwaondoa Waingereza kisiwani, walimchukua nyumbani kwake mwanamume mmoja wa Derry, Patsy Gillespie, mwenye miaka 42. Familia yake ikawekwa chini ya mtutu. Alikuwa Mkatoliki, na kosa lake ni kwamba alifanya kazi jikoni kwenye kambi ya jeshi la Uingereza. Walimfunga kwenye kiti cha gari lenye bomu wakamwamuru aliendeshe hadi kituoni. Lililipuka naye akiwa ndani. Wanajeshi watano walikufa pamoja naye.

Mtu aliyepika chakula cha watu wasio wa upande wake.

Basi lilipita pale bila kupunguza mwendo. Kuna nyasi, kuna nyumba, kuna mama aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto. Nilishuka kituo kilichofuata nikarudi kwa miguu, na njiani niliifuta ile sentensi kwenye simu.

Zaidi ya watu 3,500 walikufa katika miaka ile. Anayesema kwamba mpaka huu ni rangi tu barabarani amewasahau, na mimi nilikuwa nimeanza kuwasahau, mimi niliyefika juzi. Mwenzangu anaweza kusema hakuna mpaka kwa sababu kuna watu walioufuta kwa miaka mingi ya mazungumzo. Ukimya wa barabara ya Culmore ni kazi ya mikono.

Neno la pili

Nikaenda kuusoma mkataba wa amani wenyewe. Ulitiwa saini Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998, na mwezi uliofuata asilimia 71 ya wapiga kura wa Kaskazini wakauidhinisha. Kuna kifungu ambacho kila mtu hapa anakijua nusu. Kinatambua kwamba ni haki ya kuzaliwa ya watu wote wa Ireland ya Kaskazini kujitambulisha, na kukubaliwa, kuwa Waairishi au Waingereza, au vyote viwili, kama watakavyochagua wenyewe.

Kujitambulisha nilikuwa nimelisikia mara mia. Kukubaliwa sikuwa nimeliona.

Kujitambulisha unaweza ukiwa peke yako chumbani. Kukubaliwa lazima awepo mtu wa pili, na mtu huyo anaweza kukataa. Emma DeSouza aliyajua hayo kabla yangu. Amezaliwa Ireland ya Kaskazini, ni Mwairishi, hakuwahi kuwa na pasipoti ya Uingereza. Mwaka 2015 alimwombea mumewe, Mmarekani, kibali cha kuishi, akitumia haki yake kama raia wa Ireland. Serikali ya Uingereza ikamkatalia: kwa sheria ya uraia ya 1981 wewe ni Mwingereza tangu kuzaliwa, na kama hutaki, uukane kwanza uraia huo. Aukane uraia ambao hakuwahi kuuomba! Alishinda mahakamani 2017. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 baraza la rufaa la mambo ya uhamiaji likaipa serikali ushindi. Mwaka 2020 kanuni za uhamiaji zikabadilishwa, mumewe akapata njia ya kubaki. Sheria ya uraia yenyewe haikuguswa.

Nilimwonyesha mwenzangu kile kifungu. Alikisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Baba yangu," akasema polepole. "Ninayemwogopa asinikubali ni baba yangu."

Tangu siku hiyo namfikiria mzee yule wa bendi ambaye sijawahi kumwona. Aliambiwa maisha yake yote kwamba kuna watu wanaotaka kumwondolea alivyo. Katika vijiji vingine vya mpakani waliuawa wakulima wa Kiprotestanti waliojiunga na polisi au jeshi la akiba, kwenye mashamba yao, na wajane wao wakahama. Simlaumu kwa hofu yake. Ila namwonea huruma binti yake, mwenye miaka zaidi ya arobaini, anayeificha pasipoti kwenye kabati la viatu.

Mtoto wa dada

Tuna dada mmoja hapa, mtu wa Kisumu, nesi kama sisi. Mwaka jana alijifungua mvulana. Kwa Uingereza mtoto huyo hakuzaliwa raia, kwa sababu wazazi wote wawili wako kwa viza ya kazi na bado hawajapata ukaazi wa kudumu. Kwa Ireland ni raia. Sheria yao inahesabu miaka ambayo mzazi ameishi kihalali popote kisiwani, Kaskazini au Kusini: mitatu kati ya minne kabla ya mtoto kuzaliwa, na dada alikuwa ameitimiza.

Basi mtoto ana pasipoti ya rangi ya damu ya mzee, na picha yake ndani amekunja uso. Anaweza kuvuka kwenda Muff, Buncrana, Dublin, Paris. Mama yake hawezi kumpeleka bila viza.

Dada alipotusimulia, mwenzangu aliweka kikombe chini. "Unamaanisha huwezi kumpeleka mwanao Buncrana? Ufukweni? Ni dakika ishirini na tano tu."

"Siwezi, mpenzi. Mpaka niombe viza, nilipe, nisubiri."

Mwenzangu hakusema tena kwamba hakuna mpaka. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake, akamshika muda mrefu bila kusema neno, huku amesahau chai yake.

Jumamosi iliyopita alitupitia sote na gari. Tukateremka Culmore, pale mto unapopanuka na milima ya Donegal inaonekana ng'ambo ya maji, kijani kibichi hata wakati huu wa baridi. Tulimwachia mtoto atambae kwenye majani. Baadaye tulipanda gari, na yeye akataka mafuta.

Akaendesha kuelekea Muff, taratibu kuliko kawaida yake. Nyumba za mwisho zilipokaribia alipunguza mwendo zaidi, akatazama pembeni mwa barabara, akitafuta mahali ambapo rangi inageuka. Akasimama.

"Ni hapa?" akaniuliza.

"Hapa."

Akaegesha, akazima gari, akachukua dumu kwenye buti akaenda kwa miguu.